Gari Linalogoma Asubuhi: Lipia Kupima, Usilipie Kubahatisha

Leo naiweka kompyuta kando niingie chini ya boneti, ingawa atakayenisoma hadi mwisho ataona kwamba sijaenda mbali na kazi yangu ya programu. Mada ni gari linalosumbua kuwaka asubuhi. Ukiishi Kisumu unalijua: saa kumi na moja na nusu alfajiri mtaa umetulia, halafu unasikia stata ya jirani inalia, inapumzika, inalia tena, inachoka. Mchana gari hilo hilo linawaka mara moja. Kesho alfajiri ni yale yale.

Msimamo wangu nautoa mapema ili mtu asiutafute kwenye mistari ya mwisho. Magari mengi ya aina hii hayahitaji kipuri kwanza, yanahitaji dakika ishirini za kupima. Na hayapimwi kwa sababu hakuna anayelipia kupima. Mafundi wetu wanajua kazi. Lakini mteja yuko tayari kulipia betri, kulipia stata, kulipia plagi, na fundi akimwambia "nipe mia tano kwanza nitafute tatizo" anaona anaibiwa. Basi kila mtu anapata anacholipia. Anayelipia vipuri anapewa vipuri.

Kabla hujasema hili ni jambo dogo, fikiria nani anaumia. Probox ya abiria kati ya Kisumu na Bondo hupata pesa yake nzuri asubuhi na mapema, na dereva wa gari la mtu anadaiwa hesabu ya siku hata kama amepoteza saa mbili akiomba vijana wamsukume. Gari la samaki kutoka Usenge au Dunga likichelewa, barafu inayeyuka na bei inashuka. Anayetaka kuvuka na feri kutoka Luanda K'Otieno kwenda Mbita hawezi kuiambia feri ingoje betri yake. Halafu huko kusukuma nako kunazidi kupungua kazi: magari mengi yanayoletwa kutoka Japani siku hizi ni ya gia otomatiki, na hayo hata mkisukuma mpaka Kondele hayawaki.

Tuanze na kuzika uongo mmoja. Sababu ya kwanza utakayopewa ni baridi. "Gari linasumbua kwa sababu ya baridi ya asubuhi." Jamani, baridi ipi? Kisumu iko kando ya ziwa, kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri ya kawaida halijoto huwa karibu nyuzi 17 au 18 za Selsiasi. Ukiniambia Timboroa, ambako ni zaidi ya mita 2,700, nitakusikiliza. Lakini hapa? Tazama ile namba ya CCA kwenye kibandiko cha betri. Hiyo hupimwa betri ikiwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri: lazima itoe ampea hizo kwa sekunde 30 bila kushuka chini ya volti 7.2. Betri iliyoundwa kufaulu mtihani huo haiwezi kufeli kwenye nyuzi 18 juu ya sifuri halafu tukasema ni baridi.

Ukweli ni kinyume. Kinachoua betri Kisumu ni joto. Kuna kanuni ya jumla kwamba kila joto likipanda nyuzi kumi, mwendo wa kemia ndani ya betri hukaribia kuongezeka mara mbili, pamoja na ile kemia inayoiozesha. Mchana wetu hufika nyuzi 29 au 30, na chini ya boneti ni zaidi sana. Nchi za baridi zina msimu wa baridi ambao kila mwaka huzifanyia betri mtihani na kuzifichua zilizochoka. Sisi hatuna mtihani huo. Betri yetu inadhoofika kimya kimya, na kwa sababu haijabanwa, inaendelea kuwasha gari mpaka imebaki na nguvu kidogo kabisa. Ndiyo maana watu husema "jana ilikuwa sawa". Haikuwa sawa. Ilikuwa haijaulizwa swali gumu.

Sasa twende kwenye gari lenyewe. Sisi watengenezaji programu tukipewa hitilafu, jambo la kwanza ni kuigawa: iko upande huu au upande ule? Gari hukupa mgawanyo huo bure kwa masikio tu. Geuza ufunguo usikilize:

1. Kimya kabisa, hata taa za dashibodi hazipo au zinazimika ukigeuza ufunguo. Umeme haupiti. Anza na vichwa vya betri.

2. Mlio mmoja, "tak", kisha kimya, na taa za dashibodi bado zinang'aa. Umeme upo lakini stata haizunguki. Shuku stata yenyewe au waya wake mnene.

3. "Tak-tak-tak-tak" ya haraka. Umeme unafika lakini hautoshi. Betri imeishiwa chaji au kuna mguso mbaya njiani.

4. Inazunguka polepole kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Betri, mguso mbaya, au stata inayokula umeme kupita kiasi.

5. Inazunguka kwa kasi ya kawaida lakini haiwaki, au inawaka baada ya muda mrefu. Hapa umeme wa kuzungusha ni mzima! Kubadilisha betri ni kutupa pesa. Tatizo ni mafuta, cheche, au kompyuta ya injini imedanganywa.

Huo peke yake tayari umekuokoa. Aina 1 hadi 4 ni upande wa umeme wa kuwashia, aina ya 5 ni upande wa kuchoma mafuta. Kuna watu wanabadilishiwa plagi nne kwa gari la aina ya 3, na wengine wananunua betri kwa gari la aina ya 5. Na hawa wote wawili wangejua kwa kusikiliza.

Baada ya masikio, mita. Nazungumzia ile mita ndogo ya kidijitali ambayo mafundi wa redio hutumia. Pesa ya betri moja ya gari dogo inatosha kununua mita kumi za aina hiyo. Vipimo vyenyewe ni vitatu na mtoto wa shule anaweza kuvifanya.

Cha kwanza, betri ikiwa imepumzika usiku kucha, kabla hujafungua mlango wala kuwasha chochote (kama boneti inafunguliwa kwa ndani, iache wazi tangu usiku). Betri ya volti 12 ina vyumba sita, kila kimoja kama volti 2.1, kwa hiyo ikiwa imejaa husoma 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.4 iko kama robo tatu. Ikisoma 12.2 iko nusu. Ikisoma 12.0 imebakia na robo hivi. Tazama jinsi tofauti ilivyo ndogo: mtu akiona "kumi na mbili" anadhani ni volti 12 kamili za kwenye kibandiko, kumbe betri inalia njaa.

Cha pili, wakati mwenzako anapiga stata. Betri nzima inashuka lakini inabaki karibu na volti 10 au zaidi. Ikianguka chini ya 9.6 wakati ilikuwa imejaa, basi ama betri imechoka ama stata inavuta kupita kiasi. Wakati huo huo fanya jaribio ambalo wengi hawalijui: weka waya mmoja wa mita kwenye nguzo ya hasi ya betri na mwingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha stata ipigwe. Mita inapaswa kusoma karibu na sifuri, sehemu ndogo tu ya volti moja. Ikisoma volti moja au mbili, waya wako wa eathi unakunywa umeme uliokusudiwa stata. Rudia hivyo hivyo upande wa chanya, kutoka nguzo ya betri hadi kwenye skrubu ya stata.

Cha tatu, injini ikiwa imewaka. Kwenye magari mengi utaona kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki kwenye 12 na kitu, altaneta haichaji, na hata ukinunua betri ya dhahabu itakufa baada ya siku chache. Angalizo: magari mapya kidogo huruhusu kompyuta kupandisha na kushusha chaji, kwa hiyo tazama kwa dakika kadhaa kabla ya kuhukumu. Na tafadhali sana, ile tabia ya kung'oa kichwa cha betri injini ikiwa inaunguruma "ili kujaribu altaneta" tuiache. Volti huruka ghafla na inaweza kuunguza kompyuta ya gari. Hapo utakuwa umetoka kwenye tatizo la mia tano ukaingia kwenye tatizo la makumi ya maelfu.

Sasa kuna hoja moja nataka niijibu kwa hesabu, kwa maana naisikia kila wakati: "Betri ni nzima, honi inalia na taa zinawaka." Stata ya gari dogo huvuta ampea 100 hadi 200. Taa na honi zinavuta chache tu. Chukua mguso mchafu kwenye kichwa cha betri wenye ukinzani mdogo sana, wa omu 0.02. Taa ikivuta ampea 5, mguso huo unapoteza volti 0.1, hakuna atakayejua. Stata ikivuta ampea 150, mguso huo huo unapoteza volti 3. Betri inatoa 10 au 11, stata inapata 7 au 8, haizunguki. Honi inalia vizuri kabisa! Ni kama seva inayojibu ikiulizwa kama iko hai, lakini watu mia wakiingia kwa pamoja inaanguka. Kuwa hai na kuweza kubeba mzigo ni mambo mawili.

Na hapa ndipo kubahatisha kunapojifanya kuwa ufundi. Gari lenye mguso mchafu linapelekwa gereji. Fundi anasema betri imekufa. Betri ya zamani inatolewa, vichwa vinakwanguliwa na msasa, betri mpya inafungwa, vibano vinakazwa vizuri. Gari linawaka! Mteja anafurahi, fundi anasifiwa, na betri ya zamani inauzwa kama chuma chakavu. Lakini nani aliyeponya gari, betri mpya au msasa? Hakuna anayejua, kwa sababu mambo mawili yalibadilishwa kwa mkupuo. Maji ya moto yenye magadi kidogo, msasa na spana ya namba 10 vingeweza kumaliza kazi bila kununua chochote. Kwenye programu tuna sheria: badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo ubadilishe kingine. Anayebadilisha vitatu kwa pamoja anaweza kuondoa mdudu, lakini hajamjua, na mdudu usiyemjua hurudi.

Tuje kwenye neno "asubuhi". Kama gari linawaka vizuri mchana na jioni lakini linagoma alfajiri, jiulize usiku kulitokea nini. Gari lililozimwa halilali kabisa. Saa, alamu na kumbukumbu ya kompyuta vinaendelea kunyonya, na kiasi cha kawaida ni miliampea 20 hadi 50. Lakini magari yetu yamefungwa vitu vya ziada: redio ya sokoni, alamu, kifaa cha kufuatilia gari kilichotakiwa na mkopeshaji, na kwa matatu kidhibiti mwendo, ambacho kimekuwa lazima tangu kanuni za Michuki zilipoanza kutekelezwa mwaka 2004. Kila kimoja kilifungwa na mtu tofauti, kwa haraka, akachomeka waya pale alipoona umeme.

Fanya hesabu. Kitu kinanyonya nusu ampea gari likiwa limezimwa. Usiku mmoja wa saa kumi ni ampea-saa 5, na betri mpya inavumilia. Lakini gari likisimama kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili jioni, ni saa 48, yaani ampea-saa 24. Betri ya ukubwa wa NS60 ina kama ampea-saa 45. Zaidi ya nusu imekwenda bila gari kusogea hata hatua moja. Sasa ukinunua betri mpya, gari litawaka vizuri kwa wiki kadhaa kwa sababu betri mpya ina nguvu za kuvumilia wizi huo. Kisha itachoka kabla ya wakati wake, na utasema betri za siku hizi ni feki.

Kumpata mwizi si kazi ngumu. Zima kila kitu, fungua waya wa hasi wa betri, pitisha mita katikati ikiwa kwenye nafasi ya ampea 10, funga milango, ungoje nusu saa kompyuta zilale. (Usipige stata mita ikiwa hapo, utaunguza fyuzi ya mita.) Ikisoma zaidi ya miliampea 50, anza kuchomoa fyuzi. Usichomoe moja moja kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Chomoa nusu. Kama namba imeshuka, mwizi yumo kwenye nusu hiyo, igawe tena. Kwa fyuzi ishirini unafika ndani ya hatua tano. Wenzangu wa programu wanaitambua mbinu hii, ndiyo tunayoitumia kutafuta ni badiliko gani kati ya mia lililoharibu programu. Na kama unaogopa kuziamsha kompyuta kwa kuchomoa fyuzi, iache mita kwenye milivolti na uguse ncha mbili za juu za kila fyuzi bila kuichomoa. Fyuzi inayopitisha umeme huonyesha milivolti chache, isiyopitisha huonyesha sifuri.

Haya, na lile gari la aina ya 5, linalozunguka vizuri lakini haliwaki? Hapa kuna washukiwa watatu wanaopenda alfajiri.

Mshukiwa wa kwanza ni shinikizo la mafuta. Gari likizimwa, mafuta yanapaswa kubaki yamebanwa kwenye bomba usiku kucha. Vali ndogo ya pampu ikichoka, au injekta ikivuja, shinikizo linaisha, na asubuhi inabidi stata izungushwe mpaka lijengeke upya. Jaribio ni la bure: weka ufunguo kwenye ON kwa sekunde tatu, rudisha, rudia mara tatu, kisha piga stata. Likiwaka papo hapo, umepata njia ya kufuata. Ila ujue Toyota nyingi za zamani haziwashi pampu mpaka injini ianze kuzungushwa, kwa hiyo kwenye hizo jaribio hili halikuambii kitu. Huko pima kwa geji ya mafuta.

Mshukiwa wa pili ni sensa ya joto la maji ya injini. Injini iliyopoa inahitaji petroli zaidi, na kompyuta hujua imepoa kwa kuiuliza sensa hii. Ikidanganya kwamba injini ina nyuzi 80 wakati ina 18, kompyuta inapima mafuta kidogo na gari halitaki kuwaka. Mchana injini ikiwa ya moto kweli, uongo huo unageuka kuwa ukweli na gari linawaka vizuri. Ukiwa na skana, soma namba mbili alfajiri kabla ya kuwasha: joto la maji na joto la hewa inayoingia. Baada ya usiku mzima zinapaswa kukaribiana, na kwa Kisumu zote ziwe karibu nyuzi 20. Ukiona maji yanasema 60, umempata. Ukiona yanasema 40 chini ya sifuri, waya umekatika, maana baridi hiyo haijawahi kufika Nyanza.

Mshukiwa wa tatu ni cheche: plagi zilizolika au koili iliyochoka. Na kama gari ni la dizeli, ongeza plagi za kupasha moto na hewa inayoingia kwenye bomba la mafuta usiku. Dizeli za zamani zenye chumba cha awali cha kuchomea huhitaji plagi hizo hata kwenye asubuhi yetu ya nyuzi 18, na kuzipima ni kazi ya mita ile ile: nzima huwa na ukinzani mdogo sana, iliyokufa haipitishi kabisa.

Nimetaja skana, basi niseme neno kuhusu skana. Marekani ililazimisha mfumo wa OBD-II kwa magari ya kuanzia mwaka 1996, Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001, na sasa kifaa cha bei ndogo kinachozungumza na simu yako kinasoma namba za hitilafu. Nafurahi kukiona mikononi mwa vijana wa gereji. Ila kimezaa ugonjwa mpya: namba inasomwa kama orodha ya manunuzi. P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Haisemi "nunua sensa ya oksijeni". Inaweza kuwa bomba la hewa lililopasuka, chujio la mafuta, au pampu dhaifu. P0117 inasema umeme wa sensa ya joto la maji uko chini kuliko kawaida. Inaweza kuwa sensa, inaweza kuwa waya uliochubuka. Kila programu yangu ikianguka huniandikia mstari wa kosa, na mara nyingi mstari huo ni mahali maumivu yalipotokea, si mahali ugonjwa ulipoanzia. Skana inakuambia pa kuanzia kupima. Mita ndiyo inayotoa hukumu.

Sasa turudi kwenye pesa. Nilisema mafundi hawalipwi kupima. Fikiria fundi wa jua kali, tuseme pale Kibuye. Akitumia saa moja kupima na kugundua kwamba ni waya wa eathi, atakaza nati moja. Mteja atamwambia: "Yaani kukaza nati tu unataka mia nane?" Atapewa mia mbili na maneno juu. Akisema ni betri, atalipwa ufundi wa kufunga, huenda na mwenye duka akamkumbuka, na mteja ataondoka na kitu kipya cha kugusa kwa mkono. Kati ya hao wawili, nani ametendewa haki na sokoni kwetu? Tumeweka mfumo unaomwadhibu fundi mwangalifu halafu tunashangaa kwa nini mafundi wanabahatisha.

Najua pia lugha hii kwa upande wa programu. Mteja analipa kwa furaha ukimwandikia kurasa mpya. Ukikaa siku mbili kutafuta kosa na dawa yake ikawa herufi moja, anauliza siku mbili umefanya nini. Ile herufi haina bei. Bei ni ya kujua ni ipi.

Wapo watakaosema fundi mzoefu hahitaji mita, anasikia tu anajua. Nawaheshimu, na ni kweli wapo wenye masikio hayo. Lakini sikio linatoa dhana, na dhana ya mtu mzoefu inathibitishwa kwa dakika tano. Kama yuko sahihi, mita itamsifu mbele ya mteja. Kama hayuko sahihi, imemwokoa mteja pesa na imemwokoa yeye jina. Wengine watasema mtu wa kipato kidogo hawezi kuongeza gharama ya kupima juu ya gharama ya kutengeneza. Mimi nasema ni huyo hasa asiyeweza kununua betri ambayo haikuhitajika. Tajiri anaweza kubahatisha mara tatu. Dereva wa Probox akibahatisha mara moja, karo imekwenda.

Kwa hiyo pendekezo langu ni mapatano ya mdomo kabla boneti haijafunguliwa, na hayahitaji sheria wala chama:

1. Ada ya kupima iko peke yake, inajulikana mapema, na inalipwa hata kama hakuna kipuri kilichobadilishwa. Hasa kama hakuna kilichobadilishwa.

2. Fundi anamwonyesha mteja namba kabla ya kazi na namba baada ya kazi. "Ilikuwa 8.9 wakati wa stata, sasa ni 10.6." Hapo hakuna ubishi.

3. Kinabadilishwa kitu kimoja, gari linajaribiwa, ndipo kingine.

4. Gari linalogoma asubuhi linalala gereji au fundi analifuata alfajiri. Tatizo la alfajiri halipimwi saa nane mchana injini ikiwa ya moto.

5. Kipuri cha zamani ni mali ya mteja, anarudishiwa.

Wanafunzi wa magari wa Kisumu National Polytechnic na vijana wanaojifunzia chini ya mwembe wote wanaweza kufanya kazi hii. Tunachokosa ni mteja mwenye adabu ya kulipa.

Na wewe mwenye gari una kazi moja, uifanye wiki hii gari likiwa zima, usingoje ligome. Tafuta mita, pima alfajiri volti za betri iliyopumzika, pima wakati wa stata, pima injini ikiunguruma. Andika namba tatu na tarehe kwenye karatasi, uiweke pamoja na kadi ya bima. Rudia kila baada ya miezi mitatu. Siku moja namba ya katikati itaanza kushuka, 10.8, 10.4, 9.9, na utamwita fundi siku ya Jumamosi kwa wakati wako, ukiwa na ushahidi mkononi. Na akikwambia ada ya kupima ni mia tano, mpe.